Kwa Mwalimu Mpya wa Hisabati Anayekwenda Pemba

Kila mwaka walimu vijana waliohitimu mafunzo yao hivi karibuni hushuka katika bandari ya Mkoani, wakiwa na barua za kupangiwa kazi katika skuli za sekondari za Pemba. Baadhi yao ni wenyeji wanaorejea kwao. Wengine wametoka Unguja, na wachache mbali zaidi. Miongoni mwao, mwalimu wa Hisabati ndiye anayengojewa kwa hamu kubwa, na ndiye atakayelaumiwa mapema kuliko wenzake. Katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, kwa nchi nzima, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya kila wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Maana yake ni kwamba mwalimu anapoingia katika darasa la wanafunzi 40, jamii imekwisha kukubali moyoni kwamba 30 kati yao wataanguka, wala haioni ajabu.

Ushauri anaopewa mwalimu huyo ni mwingi. Huambiwa aandae somo mapema, amalize muhtasari kabla ya mitihani, asahihishe madaftari kwa wakati, na ayafanye mazoezi yote yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi. Hayo yote ni kweli, na hili la mwisho hasa tunalitilia mkazo. Lakini liko jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra, nalo kwa maoni yetu ndilo linaloamua kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataendelea kufikiri au ataanza kukariri. Mwanafunzi anapotoa jibu lisilo sahihi, mwalimu asilipige mkasi kabla ya kujua limetoka wapi.

Tuchukue mfano wa kisiwani hapa. Katika msimu wa karafuu mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba 4. Watoto wengi wa Pemba wamechuma karafuu pamoja na wazee wao, wamechambua makonyo, na wameona karafuu zikipimwa jioni. Sasa mwalimu anafundisha desimali. Anauliza: mtu amechuma pishi 2 na vibaba 3 asubuhi, na pishi 1 na vibaba 2 mchana, jumla ni ngapi? Mwanafunzi anaandika 2.3 na chini yake 1.2, anajumlisha, anapata 3.5. Mwalimu mwenye haraka ataona kwamba jibu si sahihi na kuendelea na mwingine. Pengine ataongeza neno kwamba mtoto huyu hakusikiliza.

Lakini tazama alichofanya mtoto huyo. Ameiona nukta kuwa ni ukuta unaotenga kitu kizima na vipande vyake, na katika hilo hakukosea. Kilichompita ni kwamba nukta ya desimali ina sharti lake: upande wa kulia vipande ni vya sehemu ya kumi, hali vibaba ni vipande vya robo. Vibaba 3 na vibaba 2 ni vibaba 5, navyo vikifika 4 vinakuwa pishi nyingine nzima. Kwa hiyo jumla ni pishi 4 na kibaba 1, yaani 4.25 kwa desimali. Jibu la 3.5 lingempunja mchumaji vibaba 3, na hakuna mtoto wa Pemba atakayekubali mama yake apunjwe vibaba 3. Mwalimu akimwambia mwanafunzi alipime jibu lake kwa kibaba chenyewe, mtoto atalikana mwenyewe, bila ya kuaibishwa. Na hapo mwalimu amepata zaidi ya alichokitafuta, kwa kuwa swali la kwa nini tunahamisha tukifika 4 katika vibaba, 10 katika namba za kawaida na 60 katika dakika ndilo swali la thamani ya nafasi, na thamani ya nafasi ndiyo msingi wa hesabu zote tunazoandika. Kosa lile lile ndilo linalowafanya wanafunzi waandike saa 2 na dakika 30 kuwa saa 2.3. Mwalimu aliyelitibu la kwanza amelitibu na la pili.

Karafuu zina funzo jingine, gumu zaidi. Kilo 30 za karafuu mbichi zikianikwa juani juu ya majamvi hubaki kama kilo 10 za karafuu kavu. Zimepoteza thuluthi mbili. Muulize mwanafunzi: ukiwa na kilo 10 kavu, uongeze sehemu gani ili urudie uzito wa zile mbichi? Wengi watasema thuluthi mbili, kwa kuwa ndizo zilizopotea. Hawajui bado kwamba thuluthi mbili ya 30 na thuluthi mbili ya 10 si kitu kimoja. Kosa hili hata watu wazima wenye vyeo hulifanya wanapozungumzia asilimia za bei, basi mtoto asichekwe.

Tunalisema hili la kucheka kwa sababu liko katika historia ya sayansi ya nchi yetu. Mnamo mwaka 1963 Erasto Mpemba (jina lisimpotoshe msomaji, alikuwa mtu wa Bara) alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika skuli ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na kuyaacha yapoe kabla ya kuyatia katika barafu. Yeye aliharakisha, akayatia yangali moto, na yake yakaganda mbele ya ya mwenziwe. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ile ya walimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea kusoma jedwali la logi, aliambiwa kwamba hiyo nayo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaudaka msemo huo. Lau si Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alipoitembelea skuli hiyo alilipokea swali lile huku wanafunzi wengine wakicheka, akarudi chuoni kulijaribu, lingekufa pale pale. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida moja la Uingereza, na jina la Mpemba likaingia katika vitabu vya fizikia duniani. Wanasayansi wangali wanabishana kama jambo lenyewe hutokea daima, na kwa nini. Hilo halitushughulishi hapa. Linalotushughulisha ni kwamba mwanafunzi yule alikuwa mkaidi na alikuwa na bahati. Hatuwezi kuijenga elimu ya Hisabati juu ya ukaidi na bahati ya watoto.

Mwalimu atasema: darasa langu lina wanafunzi 60, nitamsikiliza nani? Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini makosa hayako 60. Atakayekusanya madaftari ya zoezi moja ataona kwamba majibu yasiyo sahihi yanaangukia katika mafungu matatu au manne, na kila fungu lina fikira yake. Achague daftari moja kutoka kila fungu, amwite mwenye nalo, amwambie: nionyeshe ulivyofanya. Asimwambie eleza, kwani mtoto wa kidato cha kwanza akiambiwa aeleze kwa Kiingereza hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kuwa ni ujinga.

Hapa tunaingia katika suala la lugha, ambalo haliwezi kukwepwa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtihani wa kidato cha nne huulizwa kwa lugha hiyo. Mwalimu mpya hawezi kuibadili sera akiwa darasani. Anachoweza ni kutofautisha kosa la hesabu na kosa la lugha. Kiingereza kinapotaka kusema namba fulani ipunguzwe tano, mara nyingi huanza kuitaja tano, na mwanafunzi anayefuata maneno jinsi yalivyopangwa huandika 5 − x. Mwalimu amrejeshe kwenye Kiswahili chake. Sisi husema saa tatu kasorobo, saa nne kasoro dakika tano: kitu kizima kwanza, kisha kilichopungua. Huo ndio mpangilio wa aljebra wenyewe, x − 5. Mtoto wa Kojani anayejua kwamba maji yakijaa leo saa 10, kesho yatajaa kiasi cha saa 11 kasoro dakika 10, ameishika kanuni ya mfuatano wa 50 kabla hajaisikia. Mwulize baada ya siku 7 itakuwaje. Atapata dakika 350, karibu saa 6, na atakwambia kwamba saa ile iliyokuwa ya maji kujaa itakuwa ya maji kupwa. Huyu anahitaji maneno ya Kiingereza tu, hesabu anayo.

Hata mlinganyo, unaowatisha wengi, una mlango wake. Watoto wa Pemba wengi husoma chuoni, yaani madrasa, na wamesikia habari za mirathi. Mtu amefariki akaacha mke, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mke ana thumuni. Inayobaki, 7/8, hugawanywa ili mwanamume apate mara mbili ya fungu la binti. Fungu la binti likiwa x, basi 2x + x + x = 7/8, na x ni 7/32. Siyo kwamba tumelazimisha mfano. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika kitabu chake cha karne ya 9 ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra, alijaza sehemu kubwa ya kitabu kwa masuala ya mirathi kama haya.

Pamoja na hayo, tusizidishe. Liko darasa ambalo kila swali linanuka karafuu, na wanafunzi wake wamechoka. Watoto wa Pemba wanastahili pia namba tasa, duara na maswali yasiyo na faida yoyote isipokuwa utamu wake. Mfano wa kwao ni chombo cha kuvukia, na mwalimu anayekaa ndani ya chombo baada ya kufika bara hajawafikisha wanafunzi.

Mitaala itabadilika, kama ilivyobadilika tangu vitabu vya Hisabati ya Entebbe vilivyotungwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Wamarekani. Makosa ya wanafunzi hayabadiliki kwa kasi hiyo, nayo hakuna kitabu kinachoyaorodhesha jinsi yanavyotokea Wete, Chake Chake au Micheweni. Kwa hiyo tunapendekeza kila idara ya Hisabati iwe na daftari moja gumu, ambamo mwalimu ataandika tarehe, swali, jibu lisilo sahihi lililotokea zaidi, sababu aliyoigundua, na alichofanya. Mistari mitano kwa wiki yatosha. Walimu vijana hukaa Pemba mwaka mmoja au miwili, kisha huomba uhamisho na kupanda boti wakiondoka na yote waliyojifunza kuhusu wanafunzi hao. Daftari libaki kabatini, na mwalimu anayefuata akabidhiwe pamoja na chaki.