Barafu Si Mzigo Tu

Mashine ya kuigiza urukaji humwonyesha rubani hatari bila ya kumtia hatarini. Lakini igizo lisilo la kweli humpa ujasiri wa bure.

Katika mawingu ya Alaska na kaskazini ya Kanada, matone ya maji huweza kubaki majimaji hata chini ya nyuzi 0 za Sentigredi. Yagusapo bawa la ndege, mengine huganda papo hapo. Makubwa hutiririka nyuma kabla ya kuganda. Programu hafifu huihesabu barafu hiyo kuwa uzito ulioongezeka tu. Hilo ni kosa kubwa. Barafu hubadili umbo la bawa na kuvuruga mkondo wa hewa, hata bawa likapoteza nguvu ya kuinua katika mwendo ambao rubani huuona kuwa salama.

Tarehe 31 Oktoba 1994, huko Roselawn, Marekani, barafu ilijijenga nyuma ya sehemu ya bawa yenye vifaa vya kuiondoa. Ndege ilibingirika ghafla, na watu wote 68 waliokuwamo wakafa. Mwaka 2016 Marekani ilitoa kanuni za kutaka mashine za kufundishia marubani wa mashirika ziige athari hizo kwa usahihi zaidi.

Kwa maoni yangu, rubani wa ndege ndogo, arukaye peke yake mbali na viwanja na vituo vya hali ya hewa, anauhitaji ukweli huo zaidi. Nanyi wanafunzi, mpewapo kielelezo chochote cha kompyuta, ulizeni kwanza: kimeacha nini?