Mchanga wa Bawshar na fukwe zetu: nani aulizwe kabla ya kibali?



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengine wataliona la mchezo, na kweli linahusu mchezo. Hapa Muscat, katika wilaya ya Bawshar, pamebaki vilima vya mchanga katikati ya mji uliokwishajaa majumba. Jioni za mwisho wa wiki vijana wanapanda vilima hivyo na gari zao za jangwani, watoto wanakodishiwa pikipiki za magurudumu manne, na familia zinatandika mikeka na kumimina chai. Ni raha, sikatai. Lakini muulize mwenye nyumba ya karibu. Atakwambia habari ya vumbi, kelele za usiku, na mtoto mdogo aliyepandishwa juu ya chombo ambacho hata mtu mzima kinamshinda.

Katika baraza zetu Waswahili wa hapa, mabishano juu ya mchanga huu hayeshi. Kuna wanaosema pafungwe. Kuna wanaosema vijana waachwe, kwani wakacheze wapi? Na kuna wa tatu, ambao ndio wajanja, wanasema apewe mwekezaji, azungushie uzio, aweke walinzi na atoze kiingilio.

Kila mmoja ana hoja. Baladiya ya Muscat imepiga marufuku kuendesha gari juu ya fukwe, na ni amri nzuri, kwani ufukwe ni wa wanaotembea kwa miguu na wavuvi. Lakini ukimfukuza kijana ufukweni bila ya kumwonesha pa kwenda, atahamia pengine, na tatizo litahama naye. Ukimpa mwekezaji, usalama utaongezeka, ila yule baba wa mshahara mdogo aliyekuwa akija bure na watoto watano atabaki nje ya uzio akitazama.

Kwa hiyo mimi naona ugomvi huu si wa mchanga. Ugomvi ni NANI ANAULIZWA KABLA kibali hakijatiwa saini. Akishatiliwa saini mwekezaji, au likishawekwa bango la marufuku, kinachofuata ni malalamiko tu, na malalamiko hayarudishi kitu.

Oman si pepo, na sikuja kuipigia debe. Lakini kuna jambo la kutazama. Tangu Desemba 2012 wananchi wa hapa wanachagua wajumbe wa mabaraza ya manispaa kwa kura. Wakachagua tena 2016, na 2022 wakapiga kura kwa simu zao za mkononi. Mabaraza hayo hayana meno makubwa, kazi yao zaidi ni kushauri, na uamuzi unabaki serikalini. Hata hivyo mkaazi wa Bawshar anamjua mjumbe wake kwa jina, na anaweza kumpigia simu kabla jambo halijaiva.

Tazameni pia Ras al Jinz, kule wanakotaga kasa. Eneo la kasa lilitangazwa hifadhi kwa amri ya Sultani mwaka 1996. Usiku huingii ovyo, unakwenda na kiongozi, kwa idadi maalumu. Wageni wanaona kasa na kasa anapata kutaga. Hakuna aliyesema utalii utakufa kwa sababu gari zimekatazwa mchangani.

Sasa nije nyumbani, ndiko moyo uliko. Hizi pikipiki za magurudumu manne na vigari vya wazi vya watalii vimeshafika Zanzibar siku nyingi. Nungwi, Kendwa, Paje, msafara unaingia njia za ndani za kijiji, unapita mbele ya skuli na mashambani, vumbi linatua juu ya dagaa lililoanikwa. Mgeni amelipa dola zake na amefurahi. Bibi mwenye dagaa amepata nini?

Hebu tuhesabu milango ya vibali. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1992 inampa Waziri uwezo wa kukodisha kwa wawekezaji. Mlango wa pili ni ZIPA kwa uwekezaji. Wa tatu ni ZEMA kwa mazingira, chini ya sheria ya 2015. Wa nne ni Kamisheni ya Utalii, na wa tano ni baraza la manispaa au la mji kwa leseni. Katika milango yote hiyo mwanakijiji anaingilia wapi? Kwa kawaida utaambiwa, "sheha ameshirikishwa." Na sheha ni nani? Sheha hakuchaguliwa na watu wa shehia yake, ameteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mtu anamtumikia aliyempa kazi. Diwani ndiye aliyechaguliwa, lakini diwani mara nyingi anasikia habari siku ya kukata utepe.

Msinambie nazua. Tunao ushahidi wa macho pale Mji Mkongwe, sehemu mbili zisizofika mwendo wa robo saa kwa miguu. Kwanza Forodhani. Kabla ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture maneno yalikuwa mengi, watu wakihofia bustani yao itachukuliwa. Maneno yale yalisemwa mapema, na bustani ilipofunguliwa upya Julai 2009 ikabaki ya wote. Mpaka leo huingii kwa tiketi.

Pili ni Mambo Msiige, Shangani. Jumba la kihistoria pamoja na eneo la wazi la pembeni yake, ukingoni mwa bahari, vikaingizwa katika mradi wa hoteli. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikauhoji mradi ule mwaka baada ya mwaka. Ilisaidia nini? Ujenzi uliendelea, hoteli ikafunguliwa 2015, na kila aendaye anaiona. Ikiwa UNESCO na wataalamu wake wamechelewa, mwanakijiji wa Kendwa atawahi?

Najua jibu la wakubwa: mkianza kuuliza kila mtu, wawekezaji watakimbia. Hoja hii naikataa. Kenya kuna mashindano ya gari za porini yanayoitwa Rhino Charge, yalianza 1989. Kila mwaka yanafanyika sehemu nyengine, kwa hiyo lazima waandaaji wakubaliane na wenyeji wa pale kabla ya gari kuwashwa. Pesa zake zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare wa kilomita zipatazo 400, uliokamilika 2009. Kuulizana hakukuwakimbiza.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, ombi la kibali cha biashara yoyote inayotumia njia ya kijiji, ufukwe au eneo la wazi libandikwe msikitini, skuli na dukani kwa Kiswahili, siku thelathini kabla ya uamuzi, na kikao kikae mbele ya diwani. Pili, kibali kiwe cha mwaka mmoja, na kiseme njia zipi, saa ngapi na vyombo vingapi, ili mwenye kuvunja asiongezewe. Tatu, sehemu ya ada ibaki shehiani na hesabu yake ibandikwe pale pale lilipobandikwa ombi.

Haya hayahitaji katiba mpya wala mfadhili. Yanahitaji karatasi, gundi na mkubwa asiyeogopa kusikia "hapana". Na nyinyi mlioko nyumbani, msingoje sisi wa nje tupige kelele. Mkiona mtu anapima njia yenu kwa futi, muulizeni siku hiyo hiyo. Akishaweka uzio mtakuwa mnaongea na mlinzi.

Wabillahi tawfiq.