Uzamili wa Biashara au wa Fedha: Tunapima kwa Mizani ya Cheo

Kila msimu wa udahili unapokaribia, wahitimu wa shahada ya kwanza na watumishi wa umma waliopata ruhusa ya masomo huniuliza: Mwalimu, nichukue MBA au uzamili wa fedha? Ukiwachimba kidogo, wengi wanataka kujua ni cheti kipi kitakachowapandisha cheo upesi. Watakachoweza kukifanya baada ya kuhitimu hakimo katika swali lao. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Siidharau MBA. Mhandisi au muuguzi aliyefanya kazi miaka 10 na sasa anakabidhiwa taasisi anahitaji kujua kidogo uhasibu, kidogo masoko, kidogo usimamizi wa watu. Lakini kijana wa miaka 23 mwenye shahada ya biashara anatafuta nini humo? Anarudia masomo yaleyale kwa ada kubwa zaidi, tena bila uzoefu wa kuyapimia.

Wakati huohuo, dola inakopa kwa njia mpya. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Piga hesabu: riba ya mwaka wa kwanza peke yake inapita shilingi bilioni 7, na mlipaji wa mwisho ni mwananchi mwenye ankara ya maji. Nawapongeza Tanga kwa kuthubutu. Hofu yangu ni kwa watakaowafuata. Riba sokoni ikishuka, mkopaji anaruhusiwa kulipa mapema? Bei mpya za maji zikichelewa kuidhinishwa, mapato yatahimili? Mshauri wa benki atafika na majedwali yake yaliyonyooka. Upande wetu wa meza, nani atayafungua na kuhoji dhana zilizojengewa?

Wapo watakaonijibu kwamba fani finyu humfunga mtu. Kwa benki ndogo yenye wafanyakazi kumi, labda. Kwa serikali inayokopa kwa niaba ya mamilioni, ufinyu huo ndio tunaoulipia mishahara.

Nikiri pia kwamba si kila uzamili wa fedha unastahili jina hilo. Soma mtaala kabla ya kulipa ada. Usipoona ukadiriaji wa thamani, takwimu za uchumi na uchambuzi wa hatari, hiyo ni MBA iliyovaa joho jingine, na afadhali ubaki na yako ya kwanza.

Maafisa utumishi nao wana sehemu yao, kwa maana tangazo la kazi linalodai “shahada ya uzamili katika biashara, fedha au fani inayofanana” limekwisha kuwaambia vijana kwamba tofauti haipo. Andikeni kazi yenyewe: kukadiria bei ya hatifungani, kupima mkataba wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Wapeni waombaji jedwali moja na saa mbili, kisha muone ni wangapi watabaki chumbani.