Tarumbeta Nalo ni Mali ya Umma

Kila sherehe ya Uhuru inapofutwa, wengi wetu hushangilia. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliifuta, na zaidi ya shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia naye akaifuta, na shilingi milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sina ugomvi na barabara, wala na mabweni. Ugomvi wangu ni na swali linalofuata, ambalo nalisikia hata huku Dirma, mbali kabisa na uwanja wowote wa gwaride: kama sherehe tunaweza kuiacha, bendi za jeshi na polisi tunazilipia za nini?

Kijana mmoja Mbarabaig alinibana barabara. "Mwalimu, Katesh ilipofunikwa na tope tulihitaji askari mwenye sepetu. Mwenye tarumbeta angetusaidia nini?"

Siku anayoisema ni Desemba 3, 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Hoja kama hiyo huijibu kwa kusema muziki ni mtamu. Nilimuuliza kuhusu bung'eda. Kwao, mzee mwenye heshima akifa, hujengewa kilima cha miti na udongo juu ya kaburi. Kazi huchukua miezi, ng'ombe huchinjwa, pombe ya asali hutengenezwa, ukoo mzima hutoa. Je, amewahi kusikia mtu akisema ng'ombe wale wangeuzwa zikanunuliwa dawa? Alicheka. Hajasikia.

Taifa nalo huzika. Desemba 2017 wanajeshi wetu 15 waliuawa wakilinda amani Semuliki, mashariki mwa Kongo. Majeneza yalirudi Dar es Salaam. Kwa askari aliyekufa kwa ajili ya watu asiowajua, hotuba ya kiongozi haitoshi. Hata kiongozi mwenyewe anajua. Yule mwenye sepetu naye siku moja atazikwa, na atastahili kupigiwa tarumbeta na mtu aliyefundishwa kulipiga.

Wapo wanaosema bendi hizi ni masalia ya ukoloni, ya King's African Rifles. Asili yake sibishi. Lakini wenyeji wa pwani ya Kenya na Tanganyika waliichukua bendi ya mkoloni tangu miaka ya 1890 wakaigeuza beni, ngoma ya mashindano yenye vyama vyake, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba hadi bara, pamoja na askari na wapagazi. Baada ya Uhuru, vyombo vya dola vikawa na bendi za dansi: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, alikopitia Zahir Ally Zorro. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na ala zilikuwa za mwajiri. Ni nani leo anampa kijana wa kijijini nafasi ya namna hiyo?

Msiniambie soko. Bendi za mashirika ya umma tuliziona. BIMA Lee ilikuwa na Shirika la Bima nyuma yake, leo haipo. Msiniambie wafadhili pia. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, Zanzibar, mwaka 2019 kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa baada ya fedha za wafadhili kupungua. Sherehe ikifutwa mwaka huu, mwakani inaweza kufanyika. Bendi ikivunjwa, mpiga tromboni aliyestaafu hamfundishi yeyote, na baada ya miaka kumi hakuna wa kumwita.

Lakini tunaozitetea tusitetee kwa mahaba tu. Marekani, ilipojulikana kwamba bendi za majeshi zilitumia takriban dola milioni 437 mwaka 2015, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mwaka uliofuata kuzibana. Mwaka 2017 wakaguzi wa serikali wakakuta majeshi hayana vipimo vya kuonyesha faida ya bendi zake. Asiye na hesabu hana cha kujibu siku akiulizwa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Bajeti za vyombo vyetu vya ulinzi na usalama zionyeshe wazi fungu la bendi: ala, mafunzo, ajira. Bendi zitoke viwanjani zije wilayani, askari mmoja akae wiki nzima katika shule ya sekondari akiwaonyesha wanafunzi namna ya kushika klarineti. Na kanda za bendi zile za zamani zihifadhiwe, vijana wazisikilize bure.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili analipa kodi kila anaponunua vocha ya simu. Tarumbeta lile limo ndani ya kodi hiyo, na hajawahi kuliona kwa macho. Ukimwambia lifutwe, atakubali, kwa kuwa hatapoteza chochote anachokijua. Ndiyo sababu nataka kwanza aletewe alione, alipulize. Akishalipuliza, mwacheni aamue.