Kisukari na Moyo: Mgonjwa ni Mmoja

Mtumishi wa Kibondo mwenye kisukari anapoanza kuvimba miguu na kutweta apandapo kilima kidogo tu, yampasa kupimwa moyo. Ikibainika kuwa moyo umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, matibabu ya kisukari nayo hayana budi kutazamwa upya.

Zamani kisukari kilidhaniwa kuwa maradhi ya watu wa mijini. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikikuta kwa chini ya mtu mzima 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa njia za kupima zilitofautiana, hatari imekwisha kutufikia.

Dawa za kisukari hazilingani mbele ya moyo mgonjwa. Pioglitazoni hushusha sukari, lakini huufanya mwili ulimbikize maji, na moyo dhaifu ukaelemewa. Marekani iliamuru dawa hiyo iandikwe onyo kali mwaka 2007. Metfomini, ambayo zamani wagonjwa hawa walikatazwa, sasa hukubalika iwapo hali ya mgonjwa imetulia na figo zake zafanya kazi vizuri. Dapagliflozini na empagliflozini hutoa sukari kwa njia ya mkojo, na imethibitika kuwa hupunguza kulazwa kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo, orodha pekee haimtibu mtu. Wapangao mahitaji ya dawa za wilaya wana wajibu wa kuhakikisha kuwa mgonjwa wa Kibondo au Kasulu hatengwi na maendeleo haya kwa sababu ya umbali au bei. Nao waganga wa kisukari na wa moyo washauriane, wasimgawe mgonjwa vipande viwili.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aendapo kliniki achukue dawa zake zote, aeleze uvimbe na pumzi, na aulize kama dawa ya sukari inaufaa moyo wake. Asiache wala kubadili dawa kwa shauri la jirani. Walimu na watumishi, ambao jamii huwasikiliza, waieneze elimu hii vijijini. Kuuliza mapema ni kuokoa maisha.