Mtihani Umekwisha, Elimu Isiishe



Katika njia panda ya Nanganga, wanapochepukia wasafiri wa Ruangwa na Nachingwea, nilinunua karanga zilizofungwa kwa karatasi ya daftari. Juu yake palikuwa na hesabu za asilimia zilizosahihishwa kwa wino mwekundu. Nikamuuliza kijana muuzaji daftari lile ni la nani. "Langu, shehe. Nimemaliza darasa la saba." Nikamwomba anifanyie moja ya hesabu zile. Akacheka: "Si mtihani umeshapita?"

Tusimlaumu haraka. Kusahau ni maumbile. Qur'ani Tukufu inatueleza kwamba hata baba yetu Adam (AS) alisahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeijaribu kumbukumbu yake mwenyewe, alieleza kuwa sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa hupotea ndani ya siku moja, na kwamba kurudia kwa vipindi huokoa mengi. Lakini Mtume wetu (SAW) alikwishamfananisha mwenye kuhifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachia huenda zao. Na Imamu Zarnuji, yapata miaka 800 iliyopita, alimuusia mwanafunzi alirudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, na kushuka hivyo hadi mara moja.

Ndiyo maana katika madrasa juzuu haimaliziki siku ya kuisoma mbele ya mwalimu. Muraja'a ni wa maisha. Kwa nini basi masomo ya shule tuyazike siku ya kukusanya karatasi?

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo, huku kusini, ndiyo ya korosho. Hatusemi mtoto asiwasaidie wazazi wake. Kuwasaidia ni wema. Lakini mzani wa chama cha msingi nao ni darasa. Mpeni stakabadhi akokotoe kilo, bei na makato. Asilimia aliyoifungia karanga ndiyo ambayo ingemwonyesha baba yake kama malipo ni sahihi.

Enyi wazazi, daftari zisiuzwe. Baada ya Magharibi mtoto apewe robo saa: afumbe daftari, aseme anachokumbuka, kisha afungue ajisahihishe. Amfundishe mdogo wake, kwani afundishaye hujifunza mara ya pili. Nasi tusimuulize tu "Umepata ngapi?" bali pia "Umejua nini?" Mtoto husoma kwa nia tuliyomtilia: tukimwonyesha kwamba lengo ni karatasi, karatasi ikiondoka, elimu nayo huondoka.

Katika Sura Twaha, Allah (SW) alimwamrisha Mtume wake aombe kuzidishiwa elimu. Hakumwamrisha aombe alama. Tuwafundishe watoto wetu dua hiyo, kisha tuwasaidie kuilinda elimu wanayoiomba.

Wabillahi tawfiq.