Zawadi ya Iddi Yenye Roho



 

Kumpa mtoto zawadi siku ya Iddi ni jambo jema. Apate nguo, viatu na peremende, ajue kuwa Iddi ni furaha. Lakini hapa kwetu, Jinja na Mbale, wapo wazazi wanaonunua vifaranga wa siku moja, sungura au mwanambuzi na kumkabidhi mtoto kama wanavyomkabidhi mpira. Juu ya hilo tuna neno.

Hatusemi ni haramu

Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto kwa utani mwema. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na mwanachuoni Ibn al-Qass alitoa humo faida 60. Wanachuoni wameifahamu kuwa mtoto anaruhusiwa kuwa na ndege, kwa sharti kwamba asimtese. Basi hoja yetu ni hilo sharti.

Kinachotokea nyumbani

Kifaranga anapoanguliwa huwa bado ana kiini cha yai tumboni, nacho humlisha siku mbili tatu. Ndiyo maana wauzaji huweza kumsafirisha ndani ya boksi bila chakula. Siku ya Iddi mtoto humwona mchangamfu. Kiini kikiisha naye hajafundishwa kula na kunywa, huanza kufa.

Tena, wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo mama yake humpa chini ya mbawa. Usiku wa Mbale, baridi ya Mlima Elgon ikishuka, nani ataamka kuongeza mkaa? Na mchana nyumba imejaa wageni, watoto kumi wanamgombania, huyu anambinya, yule anamvuta mguu. Mtoto wa miaka minne hatumlaumu, mkono wake haujui kipimo.

Isitoshe, kifaranga huweza kubeba vijidudu vya salmonela hata akionekana mzima, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio hudhurika zaidi. Mtoto amemshika, kisha anakula pilau kwa mkono uleule.

Nani ataulizwa?

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Kifaranga ndani ya boksi ana tofauti gani na paka yule? Mtoto ambaye hajabaleghe kalamu haimwandikii. Basi atakayeulizwa ni nani, kama si aliyenunua? Hata sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya mwaka 1957, lakini dini yetu ilitangulia kwa zaidi ya karne 13.

Na kuna hasara kubwa kuliko ya kifaranga. Mtoto anayeona kiumbe kinakufa, kinatupwa jalalani, kisha anaambiwa "usilie, tutakununulia mwingine", amefundishwa kuwa roho ni kitu rahisi. Somo hilo sisi walimu wa madrasa tutaliondoa kwa aya ngapi?

Mbuzi wa Iddi kubwa

Wapo wanaomwambia mtoto, "Huyu mbuzi ni wako." Mtoto anampa jina, anamkatia majani, na siku ya kuchinja analia. Mtume (S.A.W.) alimwuliza mama mmoja aliyemwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu: ulitaka kumpa nini? Akajibu, tende. Akaambiwa kwamba asingempa, angeandikiwa uongo. Hadithi ameipokea Abu Dawud. Basi mwambie mtoto kweli tangu siku ya kwanza: huyu ni wa kuchinjwa kwa ajili ya Allah, nasi tutamtunza vizuri mpaka siku hiyo. Hapo atajifunza ibada na huruma pamoja.

Ushauri wetu

1. Zawadi ya siku ya Iddi iwe isiyo na roho: kitabu, juzuu Amma, mpira, kanzu.

2. Ukitaka mtoto afuge, tangulize banda na chakula, mnyama afuate baada ya pilikapilika za Iddi kwisha. Kuku mwenye vifaranga wake ni bora kuliko vifaranga mayatima, kwani mama yao atawapa joto.

3. Mtu mzima mmoja awe ndiye mwenye dhamana. Mtoto apewe kazi ya umri wake, kama kubadilisha maji, na anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo.

4. Mwulizeni daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya kideri mapema, kabla kuku hawajaanza kufa.

5. Mjomba au shangazi asimletee mtoto mnyama bila idhini ya wazazi wake. Zawadi hiyo ni mzigo juu ya nyumba nzima.

Tunamwomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu nyoyo zenye huruma, na atuwezeshe sisi wazazi na walimu kuwa mfano kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.